Mwaka wa tisa naombea jambo lile lile. Je, nimekosa imani?

Bado_Nasubiri: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mdogo wangu wa kiume ni mlevi, ule ulevi wa kuuza hadi viatu vyake. Huu ni mwaka wa tisa namwombea. Nimefunga, nimekesha. Zamani niliomba kwa machozi, siku hizi natamka maneno yale yale huku nawaza kazi za kesho.

Juzi mama mmoja wa kundi letu la maombi kaniambia kurudia ombi ni kutoamini; nishukuru tu, ninyamaze. Tangu hapo nashindwa kupiga magoti. Je, ni kweli? Au ndiko kule kupayuka-payuka alikokataza Yesu? Naomba ushauri. Matusi hapana, ya mdogo wangu yananitosha.

Shoka_Butu: Muulize huyo mama, Gethsemane Yesu aliomba mara ngapi? Mathayo 26:44: mara ya tatu, maneno yale yale. Paulo naye alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake, ile taabu iliyomsumbua. Kama hao walikosa imani, sisi tufunge virago.

Mlinzi_wa_Zamu: Pole dada. Wanaopayuka ni wale wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Sasa mwangalie mjane wa Luka 18, yule anayemwendea kadhi dhalimu. Ana sentensi moja tu: nipatie haki na adui wangu. Anaisema, anaondoka, kesho yuko mlangoni tena.

Wengi huusoma mfano ule kana kwamba Mungu ndiye yule kadhi, tukimchosha atakubali. Hapana. Hoja ni kwamba kama dhalimu alisikia, sembuse Baba. Halafu tazama mstari wa 8: Mwana wa Adamu atakapokuja, ataiona imani duniani? Kwa nini swali hilo limewekwa pale? Mimi naona imani anayoiulizia ni ile ya mjane kurudi mlangoni. Hatujaambiwa alikuwa na uhakika wowote moyoni. Alirudi.

Sijalala: Nitasema lisilopendeza. Nilimwombea mama yangu apone, akafa. Watu wakaniletea huyo huyo mjane, sikutaka hata kumsikia. Kilichonishika ni Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio inaishia gizani, hakuna shangwe ya mwisho, na bado imo kwenye Biblia. Ukiishiwa maneno, soma hiyo. Na usikubali mtu apime imani yako kwa majibu uliyopata.

Shoka_Butu: Kweli kabisa. Hata Monika, mama yake Agostino yule mwalimu wa kanisa la kale, aliyemwombea mwanawe miaka mingi aokoke, watu humtaja wakiruka kipande kigumu. Usiku mmoja alikuwa akiomba mwanawe asisafiri. Kijana akamdanganya, akapanda meli kwenda Roma. Ombi la usiku ule lilikataliwa. Lakini ni huko Italia alikokutana na askofu Ambrosi, akabatizwa mwaka 387.

Na ulevi una matibabu, dada. Kuomba na kumpeleka hospitali havigombani. Aliyezoea kunywa sana asiache ghafla bila daktari, ni hatari.

Bado_Nasubiri: Nimesoma zote, asanteni. Jana sikupiga magoti. Nilikaa kitandani nikataja jina la mdogo wangu, basi. Saa saba usiku akapiga simu, amelewa, anataka hela. Hela sikumpa. Ila hakukata, tukaongea mpaka salio lake likaisha.