Mimba ikitoka wiki ya 10, kanisa linyamaze? (mafundisho ya wachumba, Bukavu)

Mwalimu wa Kadutu aliuliza:

Jambo ndugu zangu. Hapa Kadutu tunaandaa mafundisho ya wachumba, saa mbili, watu kama 30. Wengi ni Wakatoliki, wachache wanatoka CEPAC (kanisa la Kipentekoste). Somo ni thamani ya mtoto aliye tumboni. Upande wa kutosha mimba kwa kusudi haunisumbui, kila mmoja anajua kanisa linasema nini. Ninakwama mahali pengine. Tunafundisha kwamba mtoto ni mtu tangu kutungwa mimba, kisha mimba ya wiki 10 ikitoka yenyewe hakuna sala, hakuna jina, hakuna anayeenda kumpa mama pole. Anayekwenda anauliza, "Ulibeba nini kizito?" Mchumba mwenye akili ataona kwamba mdomo wetu unasema hili na miguu yetu inakwenda kule.

Naomba majibu ya vitendo. Ni Maandiko gani yanayosimama mtu akiuliza maswali magumu? Anayesema watakatifu wa kale waliweka siku 40 kabla mtoto hajapata roho nimjibu nini? Mimba iliyotoka ibatizwe, izikwe, au? Na mama azuiwe Komunyo?

Padri wa maktaba alijibu:

Mwalimu, wengi wanaanza na Zaburi 139. Usianze nayo. Ni nzuri, lakini ni shairi, na mtu akikuambia "hiyo ni lugha ya ushairi" utabaki unatafuta maneno. Anza na Luka 1, maana Luka anasimulia. Piga hesabu pamoja na wachumba ubaoni: malaika anakuja kwa Maria mwezi wa sita wa mimba ya Elisabeti (1:26), Maria anaondoka "kwa haraka" (1:39), na kutoka Nazareti hadi milima ya Yudea ni mwendo wa siku chache. Kwa hiyo mimba ya Maria ilikuwa changa mno, tumbo halijaonekana. Elisabeti anamwita nani? "Mama wa Bwana wangu" (1:43). Hasemi "atakayekuwa mama". Halafu waonyeshe neno la Kigiriki *brephos*: Luka analitumia kwa Yohane akiruka tumboni (1:41), na tena kwa Yesu amelala horini (2:12). Zaburi 139 na Yeremia 1:5 ziweke baada ya hapo.

Kutoka 21:22 itakuja tu, jitayarishe. Biblia ya Union inasema mwanamke aliyegongwa "akaharibu mimba", na aliyemgonga anatozwa faini. Mtu atasema: unaona, faini tu, basi mtoto si mtu. Lakini wanaosoma Segond, Biblia ya Kifaransa, wataona *la fassent accoucher*, yaani akazaa. Kiebrania kinasema "watoto wake wakatoka", kwa kitenzi kile kile cha Esau kutoka tumboni katika Mwanzo 25:25. Mimba kuharibika ina kitenzi chake, nacho kiko sura mbili mbele (Kutoka 23:26). Kwa hiyo usomaji wa "alizaliwa kabla ya wakati, bila madhara" una nguvu. Wapo wataalamu wanaoshikilia usomaji wa kwanza, usiwafiche. Sema tu kwamba mstari wenye ubishi hauwezi kubeba jengo zima, si kwa upande wao wala kwa upande wetu.

Siku 40: ni kweli, na kukataa ni kujiaibisha. Tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iligeuza mstari huo huo ukawa juu ya mtoto "aliyeumbika" na "asiyeumbika", na Agostino akaifuata. Tomaso wa Akwino alichukua hesabu ya Aristotle: 40 kwa wa kiume, 90 kwa wa kike. Ila hiyo ilikuwa elimu ya mwili ya zama zao: walidhani mbegu ya mume inagandisha damu ya mama kama maziwa yanavyoganda. Yai la mwanamke halikuonekana na mtu hadi 1827, kwa Karl Ernst von Baer. La muhimu zaidi ni kwamba hata waliohesabu siku hizo hawakuruhusu kutosha mimba kabla yake. Walibishana juu ya uzito wa kosa na adhabu. Basili wa Kaisaria, karne ya 4, aliandika waziwazi kwamba kwake tofauti ya aliyeumbika na asiyeumbika haipo. Didake, kitabu cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo, ni ya zamani zaidi, nayo inakataza kuua mtoto kwa kutoa mimba na kumuua aliyezaliwa, yote katika sentensi moja. Katika adhabu za Kanisa Katoliki, tofauti hiyo iliondolewa na Pio IX mwaka 1869.

Ubatizo: Kanuni 871 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inasema mimba iliyotoka, kama mtoto ana uhai, abatizwe kadiri inavyowezekana. Maana yake haibatizwi maiti. Sakramenti ni za walio hai, na kumwagia maji mtoto aliyekufa ili mama atulie ni kumdanganya. Akiwa hai, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa anaweza (kanuni 861), hata mkunga wa dhehebu lingine. Maji safi ya kawaida yatiririke juu ya kichwa mara tatu, wakati huo huo akisema: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kosa la kawaida ni kumwagia juu ya mfuko wa uzazi usiopasuka: maji lazima yaguse mwili. Ukiwa na shaka kama bado yu hai, tanguliza "Kama u hai". Kisha aliyebatiza ampashe habari paroko, aandike kitabuni. Hatua hii ya mwisho inasahauliwa karibu kila mara.

Aliyekufa kabla ya kubatizwa anaweza kupewa mazishi ya Kanisa, wazazi wakiwa walikusudia kumbatiza, kwa ruhusa ya askofu (kanuni 1183 §2). Usiwafundishe habari ya limbo (mahali palipodhaniwa pa watoto waliokufa bila ubatizo) kana kwamba ni fundisho la imani. Katekisimu namba 1261 inawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu.

Komunyo: mama ambaye mimba imetoka yenyewe hana dhambi yoyote ya kuungama katika jambo hilo. Hakuna kipindi cha kumzuia. Kama wamama wa shirika wanamweka pembeni hadi "atakaswe", hiyo ni desturi yao, haina kanuni.

Mkunga, Bagira, alijibu:

Naongeza upande wa kazi, maana Baba Padri amesema "mimba iliyotoka" kama kitu kimoja, na kwetu si kimoja.

Wiki tunazihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mimba ya "wiki 10" ina umri wa wiki 8 tangu kutungwa. Mtoto wa wiki 10 ana kama sentimita 3, wa wiki 12 ana 5 hadi 6 na gramu kama 14, wa wiki 16 anafikia gramu 100 hivi. Lakini mara nyingi inayotoka wiki ya 10 ilisimama kukua wiki ya 6 au 7, na ndani ya damu hutaona mwili. Usiwaahidi wachumba kwamba siku zote kutakuwa na kitu cha kuzika. Ekografia (kipimo cha picha ya tumbo) ikionyesha mfuko mtupu, msimwambie mama "hakukuwa na mtoto". Kwa kawaida kutunga kulitokea, mtoto akasimama mapema sana. Ila mimba zabibu kamili ni jambo lingine: kromosomu zote (nyuzi za urithi) zimetoka kwa baba, hakuna mtoto aliyeumbika. Hapo hakuna mazishi, kuna kumfuatilia mama kwa vipimo vya damu miezi kadhaa, kwa sababu inaweza kugeuka saratani.

Sababu. Katika mimba 100 zilizojulikana, 10 hadi 15 hutoka zenyewe, na karibu nusu ya zile za mwanzo ni hesabu mbaya ya kromosomu iliyokuwapo tangu kutungwa. Ndoo ya maji haimo, jicho la jirani halimo. Sema hivyo mbele ya waume, kwa sauti, kwa kuwa lawama inaanzia kwao na kwa mama mkwe.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni kuharakisha. Ekografia moja ya mapema bila mapigo ya moyo haitoshi. Kwa kipimo cha ukeni, kifo kinathibitika mtoto akiwa na milimita 7 au zaidi bila mapigo, au mfuko ukiwa na milimita 25 au zaidi bila mtoto ndani. Chini ya hapo, mama arudi baada ya siku 7 hadi 14. Mara nyingi hedhi ilihesabiwa vibaya na mtoto yu mzima. Anayesema anathamini uhai, thamani yake ionekane hapa, katika kurudia kipimo.

Kosa la upande wa pili: muuguzi Mkristo anayekataa kufanya AMIU (kunyonya mabaki ya mimba kwa pampu ya mkono) mtoto akiwa amekwisha kufa, akidhani ni kutosha mimba. Siyo. Mabaki yakibaki yanaleta damu nyingi na maambukizi. Mama anayelowesha pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, au mwenye homa, au mwenye harufu mbaya, asisubiri maombi yaishe. Aende, na maombi yaendelee njiani.

Na katika saa zako mbili, Mwalimu, toa dakika 20 kwa CPN (kliniki ya wajawazito). Ya kwanza iwe kabla ya wiki 12, si tumbo likionekana. Hapo wanapima kaswende, ambayo inaua watoto tumboni na dawa yake ni penisilini. Malaria: tembe 3 za SP, dawa ya kinga, kwa mara moja, kuanzia wiki ya 13, kisha tena baada ya mwezi au zaidi, angalau mara tatu, zimezwe mbele ya muuguzi. Bukavu kuna baridi, ndiyo, lakini watu wanashuka Kamanyola na Uvira kila wiki. Mama anayemeza kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI asipewe SP. Na angalieni foliki, vitamini ya wajawazito: ile ya miligramu 5 inayouzwa famasi inapunguza nguvu ya SP; ya mjamzito ni mikrogramu 400.

Pasta, Birere (Goma), alijibu:

Sisi Wabatisti hatubatizi watoto, kwa hiyo swali la maji halitugusi. La mazishi linatugusa sana.

Wapasta wengi wanakimbilia 2 Samweli 12:23, "mimi nitakwenda kwake". Tumieni kwa uangalifu: mtoto yule alizaliwa, akafa siku ya saba. Inafariji, ila haisemi habari ya mimba. Maandiko yanayosema habari hiyo hasa ni Ayubu 3:16, na hayahubiriwi. Ayubu anaitaja mimba iliyotoka na kufichwa, na Kiebrania chake kinabeba wazo la kitu kilichofukiwa. Anaiweka mahali pamoja na wafalme na washauri wa nchi waliopumzika. Kisha Mhubiri 6:4 analia kwamba jina lake limefunikwa giza. Basi kumpa jina kuna mzizi katika Biblia, hata kama jinsia haikujulikana. Yako majina yanayofaa wote wawili: Baraka, Furaha, Neema.

Vitendo. Mzazi aseme MAPEMA, mama akiwa bado maternité, kwamba anataka kuchukua. Asiposema, kitu kinakwenda kwenye shimo la kondo kama kawaida, na baadaye hakuna wa kulaumiwa. Kitambaa cheupe cha pamba au kipande cha kitenge cha mama, boksi dogo la mbao la sentimita 30 linatosha hadi wiki ya 20. Azikwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Huku Goma ardhi ni mawe ya volkano, kuchimba sentimita 60 kunahitaji chuma na vijana wawili, kwa hiyo waitwe kabla, si baada ya sala. Ibada isizidi dakika 15: Ayubu, Zaburi moja, jina, sala, wimbo mmoja. Baba awepo. Mkibaki mnahubiri saa nzima mmemchosha mama aliyepoteza damu.

Kama hakuna mwili, kusanyikeni nyumbani, mfanye yale yale bila boksi.

Mwalimu wa Kadutu:

Aksanti sana, Baba Padri, Mama Mkunga, Pasta. Mawili yamebaki. GEU, mimba nje ya kizazi: wachumba watauliza kama upasuaji ni kuua. Na dada aliyetosha mimba kwa kusudi zamani, akiwa amekaa pale pale anasikiliza?

Mkunga, Bagira:

GEU kwenye mrija haiwezi kufika wakati wa kuzaliwa, na kungoja hakumwokoi mtoto. Mrija ukipasuka mama anavuja damu ndani bila kuonekana nje. Dalili: hedhi imekosa, maumivu upande mmoja, kizunguzungu, na maumivu ya bega yanayoshangaza watu. Huyo ni wa upasuaji siku hiyo, na mtu asimpe dawa ya minyoo kwanza.

Padri wa maktaba:

Kuondoa mrija unaoumwa ili kumwokoa mama, kifo cha mtoto kikijulikana lakini kisitafutwe, wanateolojia wa maadili Wakatoliki wanakubali. Dawa ya metotreksati, inayosimamisha mimba hiyo bila upasuaji, bado wanabishana juu yake. Mwachie mama na daktari wake, usiamue ubaoni.

Dada yule: usitishe ukumbi kwa neno "ametengwa". Adhabu hiyo ipo (kanuni 1397 §2 tangu Desemba 2021, zamani 1398), lakini haimpati aliyekuwa chini ya miaka 18, wala aliyetenda kwa hofu kubwa, wala asiyejua bila kosa lake kwamba adhabu ipo. Soma kanuni 1323 na 1324 kabla ya kusimama. Na tangu barua ya Papa Fransisko ya Novemba 2016, kila padri mwenye ruhusa ya kuungamisha anaweza kuondoa dhambi hiyo. Hakuna kumtuma kwa askofu. Tangaza siku na saa ya kitubio mwisho wa somo, kwa wote, bila kutaja sababu. Na kitubio hicho kiwe katika parokia ya jirani, si kwenu.