Naomba ushauri: Peugeot 504 inazima ikishapata moto

Wakuu habari zenu, nina Peugeot 504 ya 1979 ya kabureta (ile inayochanganya mafuta na hewa), niliachiwa na marehemu baba na sitaki kabisa iishie juu ya mawe. Asubuhi inawaka fasta na inatulia vizuri, ila ikitembea kama kilomita 30 inaanza kukosa, inashtuka shtuka alafu inazima. Juzi imenizimia katikati ya mlima Kitonga malori yamejipanga nyuma, jasho lilinitoka. Nikachomoa waya wa plagi nikacheki cheche, ilikuwa ya njano na nyembamba, ikipoa nusu saa inarudi ya bluu na gari inawaka kama hakuna kilichotokea.

Plagi mpya, platini (kile kiswichi kinachokata na kuunganisha umeme wa cheche) nimeiseti upya, chujio la mafuta safi. Fundi anang'ang'ania tufungue kabureta, mimi nahisi koili (inayopandisha umeme wa cheche) au kondensa (kale kakopo kanakolinda platini isiungue) maana nilipofunika koili kwa kitambaa chenye maji iliwaka ndani ya dakika tano tu. Ila kondensa nayo ikichoka inaleta mambo hayo hayo, si ndio? Nianze kubadili ipi, na koili ya gari nyingine ya volti 12 inaweza kukaa bila kuunguza platini? Aliyewahi kupitia hili anisaidie tafadhali, Ijumaa nasafiri nayo.