Watoto hawana simu, lakini wanatumia zetu: tuanzie wapi kuwalinda?

Mama Kihonda (Morogoro) anauliza:

Habari za leo wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo linalonisumbua sana. Tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 12, na hakuna kati yao mwenye simu yake. Wanatumia yangu, ya baba yao, na mara nyingine ya binti anayetusaidia kazi za nyumbani, hasa wakati wa likizo na jioni tunapokuwa jikoni. Hivi karibuni mdogo alikuwa akitazama katuni kwenye YouTube, na baada ya video kadhaa kufuatana zenyewe nikakuta anaangalia wahusika wale wale anaowapenda wakikatana kwa visu. Mkubwa naye alifungua picha kwenye simu ya baba yake akitafuta za kipaimara cha binamu yake, akakutana na video ya ngono iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la watu waliosoma pamoja. Hakusema neno, nilitambua kwa jinsi alivyoifunika simu nilipoingia.

Ushauri mwingi ninaousoma unamhusu mtoto mwenye kifaa chake na nyumba yenye ruta inayoweza kuwekewa vizuizi. Sisi tunaishi kwa bando na simu ni za wakubwa. Nyumba ya namna hii ijilinde vipi?

Fundi Simu (Dar es Salaam):

Pole sana dada. Jambo hili nakutana nalo mara kwa mara kazini: mzazi ananiletea simu ya mtoto niiwekee vizuizi, ilhali mtoto anayapata mambo hayo kwenye simu ya mzazi mwenyewe. Kwa hiyo anza na simu zenu, na ya kwanza iwe ya mume wako.

Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, kwa bando na kwa Wi-Fi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya gumzo uzime mwonekano wa midia, ili kitakachopakuliwa baadaye kisijipange pamoja na picha za familia. Hatua hizo hazifuti yaliyokwisha kuingia, hivyo itabidi mkae mpitie picha na video zote na kufuta wenyewe. Kundi lile la waliosoma pamoja lifungwe kwa alama ya kidole, kwani WhatsApp inaruhusu gumzo moja moja kufungwa hata kama simu yenyewe iko wazi. Kujitoa kwenye kundi kungekuwa bora zaidi, lakini natambua kwamba makundi hayo ndiyo yanayokusanya michango ya misiba na harusi, na si kila mtu anaweza kuyaacha.

Baada ya hapo, zuieni tovuti za ngono kwenye simu zote tatu. Kabla ya kufungua tovuti yoyote, simu huiuliza seva ya DNS anwani ya tovuti hiyo. Ukiielekeza kwenye seva inayokataa kutoa anwani za tovuti za ngono, hazitafunguka, uwe unatumia bando au Wi-Fi ya jirani. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 9 zina nafasi hiyo: fungua Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha DNS ya faragha, uandike family.cloudflare-dns.com na kuhifadhi. Ni bure na hakuna programu ya kupakua. Hata hivyo usiitegemee kwa kila kitu, kwa sababu haioni kinachotumwa ndani ya WhatsApp wala Telegram, haichagui video za YouTube, na mtoto anayejua kuweka VPN, yaani programu inayopitisha intaneti ya simu kwa njia nyingine, ataipita.

Kwa huyu wa miaka 7, zima uchezaji wa mfululizo kwenye YouTube, kwa sababu ndio uliompeleka kwenye visu. Ninachopendelea zaidi ni kumpakulia katuni ambazo mtu mzima amekwisha kuzitazama hadi mwisho, kuzima data, kisha kuibandika programu ya kuchezea video. Kubandika kunapatikana kwenye mipangilio ya usalama ya simu nyingi za Android. Programu moja inabaki kwenye kioo, na ukiiwekea sharti la nambari ya siri mtoto hawezi kutoka kwenda kwingine.

Baba Watatu (Arusha):

Naheshimu maelezo ya Fundi, ila nadhani tunahangaika na mipangilio wakati dawa ni kutompa mtoto simu. Wangu hawashiki simu ya mtu yeyote mpaka wamalize kidato cha nne.

Mwalimu wa Pwani (Tanga):

Ndugu Baba Watatu, kwa mtoto wa miaka 7 nakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa. Kwa wa miaka 12 siafiki, kwani atakachonyimwa nyumbani atakiona kwenye simu ya rafiki baada ya masomo, na huko hatakuwa na mtu mzima wa kumuuliza.

Mama Kihonda, mimi nina wasiwasi zaidi na ule ukimya wa mkubwa. Aliifunika simu kwa sababu alitarajia kugombezwa, wakati yeye hakutafuta kitu kibaya. Zungumza naye mkiwa wawili, labda mkichambua mchele au mkitembea kwenda dukani, na umwambie wazi kwamba unajua alichokiona, kwamba si kosa lake, na kwamba hutamchapa. Mwache aulize. Halafu mweleze afanye nini mtu asiyemfahamu akimwandikia au kumwomba picha: asijibu, asifute ujumbe, auletee kwako. Ukishapata ujumbe wa aina hiyo, hifadhi namba iliyoutuma na upige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au uende kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Mume wako naye ana la kufanya kundini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia kupitia mfumo wa kompyuta, na ponografia inayohusu watoto imewekewa kifungu chake peke yake. Awakumbushe wenzake hilo. Na ikitokea mtu akatuma video ya mtoto anayedhalilishwa, hata kwa nia ya kuomba atafutwe, asiisambaze kwa yeyote. Atoe taarifa polisi.

Mama Kihonda (Morogoro):

Nawashukuru sana. Simu yangu na ya baba yao tumezikamilisha jana usiku, na ya binti tumeirekebisha kwa ridhaa yake, baada ya kumweleza sababu. Nimezungumza na mkubwa pia. Aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea. Ninalo moja la Fundi: baba yao alipokwenda kwenye semina leo, Wi-Fi ya hotelini ilikataa kufungua ukurasa wa kuingizia nenosiri.

Fundi Simu (Dar es Salaam):

Inatokana na ile DNS, dada. Airudishe kwenye hali ya otomatiki, aingize nenosiri la hoteli, kisha aiandike upya kabla hajarudi nyumbani.