Ekzosi ya 4A-GE: nne-mbili-moja au nne-kwa-moja? Naomba ushauri (Nakuru)

Twinkam_Naks:
Wadau, habari zenu. Nina Corolla AE92, injini 4A-GE ya vali 16, naitumia kwa autokrosi za vumbi (mbio fupi za kona kona). Kamshafti (vyuma vinavyofungua vali) bado ni za kiwandani. Nataka kutoa manifoldi ya ekzosi (inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda), ya chuma cha kumimina, niwekewe ya mabomba. Fundi mmoja anasema mabomba manne yaingie kwenye moja, tena mafupi kabisa "moshi utoke haraka". Mwingine anang'ang'ania nne-mbili-moja, yaani manne yawe mawili, kisha mawili yawe moja. Halafu naambiwa Nakuru iko juu mno, mita 1,850 hivi, kwa hiyo vipimo vya mtandaoni havitufai. Nimsikize nani?

MzeeWaSpana:
Huyo wa mabomba mafupi achana naye. Vali ya ekzosi ikifunguka, wimbi la msukumo hukimbia hadi pale mabomba yanapokutana, kisha hurudi likiwa linavuta. Likifika wakati vali za moshi na za hewa zote ziko wazi kidogo, linafyonza mabaki ya moshi na kuanza kuingiza hewa mpya. Bomba likiwa fupi mno wimbi linawahi, likiwa refu mno linachelewa.

Hesabu ya mafundi wa zamani ni hii: chukua 180, jumlisha digrii za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ambazo vali ya ekzosi hufunguka kabla pistoni haijafika chini. Zidisha kwa 850, gawanya kwa mizunguko ya injini kwa dakika unayolenga, toa 3, unapata inchi. Tuseme digrii 60 na mizunguko 6,500: 850 × 240 ÷ 6,500 − 3, ni kama inchi 28, sentimita 72. Hapo ni pa kuanzia tu. Kwa nne-mbili-moja, urefu huo ni wa bomba la kwanza na la pili kwa pamoja.

Lolwe_16V:
Hilo la mwinuko lisikusumbue, ndugu. Kasi ya wimbi hutegemea joto la moshi. Bomba linalonifaa hapa Kisumu litakufaa na wewe. Unachokosa huko ni nguvu, maana shinikizo la hewa liko karibu moja ya tano chini ya la Mombasa. Cha kurekebisha ni mafuta, si urefu wa bomba.

Autokrosi ni kutoka kwenye kona, basi chukua nne-mbili-moja. Unganisha mabomba ya silinda 1 na 4, halafu 2 na 3. Silinda za injini hiyo huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hiyo kila jozi inapishana mzunguko mzima wa krenki, hakuna anayempulizia mwenzake. Nne-kwa-moja ni tamu injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu kabisa, lakini kwenye vumbi utakaa huko sekunde ngapi?

MotoNaChuma:
Mimi ni mchomeleaji, nitaongea ya mikono. Kona zisibonyee. Kama fundi hana mashine nzuri, ajaze bomba mchanga MKAVU, azibe pande zote, apashe moto ndipo akunje. Mchanga wenye unyevu ukipata moto hulipuka, sitanii. Kipenyo cha inchi moja na nusu kinatosha kwa injini ya cc 1600. Flanji (bamba linalofunga mabomba kwenye injini) iwe nene, milimita 10, na ifungwe kwa bolti kwenye silinda hedi mbovu wakati wa kuchomelea, la sivyo itapinda na utakula gasketi kila wiki.

Bonde_Tulivu:
Nitaharibu sherehe: kwa kamshafti za kiwandani utapata faida, ila ndogo. Vali za moshi na za hewa hazikai wazi pamoja kwa muda mrefu, wimbi linapata nafasi finyu.

Twinkam_Naks:
Asanteni. Nne-mbili-moja basi, kamshafti baadaye. Na upande wa hewa, nikate mabomba ya manifoldi ya kuingiza hewa yawe mafupi?

Lolwe_16V:
Usiguse. Mafupi yanakupa nguvu kwenye mizunguko ya juu na kukunyang'anya ya mizunguko ya chini, ileile unayoitafuta kwenye kona. Kama yako ina T-VIS (mfumo wa Toyota wa kuingiza hewa), kila silinda ina njia mbili za hewa, moja hufungwa injini ikiwa polepole. Angalia kwanza kama vibati vinavyoziba njia hiyo bado vinafunga na kufungua. Nyingi nilizoona zimekwama, na mpira wa vakyumu unaovivuta umepasuka.