Ushauri: vazi la mpagazi wa 1874 kwa mtoto anayerefuka haraka

Mama Wawili (Bagamoyo):
Wadau, habari za jioni. Mwanangu wa miaka 8 kachaguliwa kuwa mpagazi kwenye igizo la shule, msafara wa Chuma na Susi, watumishi wa mpelelezi Livingstone, ulioleta mwili wake hapa Bagamoyo mwezi Februari 1874. Igizo litarudiwa mwakani, na mtoto anarefuka kila kukicha. Fundi ananishauri kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, na kofia ya viua. Bei imechangamka, na mwakani haitamwingia. Nifanyeje?

Mtembeza Wageni:
Dada, usishone kanzu hiyo. Darizi ni ya mwenye mali. Wapagazi wengi walijifunga shuka tu kiunoni, ya merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyokuja kwa meli kutoka Marekani, au ya kaniki, ile nguo ya rangi nyeusi. Nguo hizo ndizo zilizokuwa pesa za safari: shuka moja mikono 4, doti mikono 8. Watoto wakilijua hilo, watajua pia kwa nini misafara ilibeba majora ya nguo kwenda bara na kurudi na pembe za ndovu.

Kwa mwanao yadi 2 zinatosha. Upana ukizidi, kunja sehemu ya juu kiunoni. Mwakani unapunguza mkunjo, basi. Na miguu iwe mitupu, asivae ndala.

Fundi Cherehani:
Naunga mkono, ila mtoto jukwaani harukiruki na shuka iliyofungwa fundo tu. Mvishe bukta ndani, kisha kaza shuka kwa kamba ya katani. Kitambaa kiloweke na kukifua kabla ya kukata, pamba hii inaruka.

Mwalimu aking'ang'ania kanzu, mwambie fundi aikate pana, bila darizi. Wazazi wengi huangalia urefu, lakini kinachombana mtoto kwanza ni kifua na kwapa. Kwa hiyo kikwapa kiwe kikubwa, na mishono ya taharizi, vile vipande vya ubavuni, iachiwe nafasi ya kufumua. Chini weka pindo la vidole vinne, na juu yake mkunjo mmoja kwa ndani, ushonwe kwa mkono kwa mishono mirefu mirefu. Mwakani unaufumua mwenyewe nyumbani kwa wembe.

Bibi wa Tanga:
Mwanangu, dukani wakikosa merikani watakupa bafta. Usichukue. Mtoto mzima umfunge bafta nyeupe namna hiyo, nani atafurahi kumtazama? Hiyo tunaijua ni ya sanda. Ikibidi, ichovye kwanza kwenye chai ya rangi iliyokolea, iwe na weupe uliofifia. Kaniki nayo mimi simvishi mtoto, ina mambo yake kwa waganga. Na msimfunge kanga ya maneno, wakati huo hazijakuwapo.

Mtembeza Wageni:
Shikamoo bibi. Kwenye kaniki naomba tutofautiane kwa heshima. Wakati ule ilikuwa nguo ya kazi ya kila siku, na wapagazi wote wakivaa rangi moja jukwaa linapooza. Ila mama mtoto ndiye mwenye uamuzi.

Mama Wawili (Bagamoyo):
Shikamoo bibi, ahsanteni sana wote. Nachukua merikani, na kaniki naacha, mama mkwe hatakubali. Na mzigo je? Mwalimu anasema kila mmoja abebe kitu.

Fundi Cherehani:
Boksi tupu, ulizungushie gunia na kulifunga kamba. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila 2, kama kilo 32, kwa hiyo boksi liwe kubwa la kuonekana zito. Chini yake ngata ya kitambaa kilichobaki. Mfundishe kutembea nayo nyumbani kwanza, shingo iwe wima na mkono mmoja tu ndio ushike.

Bibi wa Tanga:
Marahaba wanangu. Ngata isokote kwa kitambaa kikiwa kibichi, ikikauka haifumuki.