Naomba ushauri: kompyuta ya zamani, nianze na diski au kapasita?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Wikiendi hii imetulia: asubuhi namalizia kazi za ofisini, mchana napumzika barazani, na baada ya alasiri nafungua kompyuta kuukuu aliyotuachia ami yangu. Ni Pentium III yenye Windows 98, na ndani mna barua zake na hesabu za karafuu za miaka mingi. Kwangu hizo ni amana.

Ukiiwasha inalalamika kuhusu saa, kisha inajizima. Nimebadilisha betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa (hata wauza saa wanazo), saa sasa inashika, lakini kujizima kumebaki. Nimeimulika bodi kwa tochi: kapasita (vile vijikopo vya kuhifadhi na kutuliza umeme) karibu na prosesa zimevimba vichwa, na moja imetoa majimaji ya kahawia yaliyokwisha kukauka. Skrubu za kasha zimeota kutu. Hewa yetu ya chumvi mnaijua.

Wapo wanaoniambia kapasita zibadilishwe kwanza. Mimi naona diski itoke kwanza, mashine isiwashwe tena mpaka mafaili yanakiliwe. Ni diski ya IDE (aina ya zamani ya kiunganishi) ya inchi 3.5, kwa hiyo nahitaji adapta ya USB yenye umeme wake wa volti 12. Hapa Pemba au Unguja, naipata wapi? Na je, fundi wa redio anaweza kuaminiwa kuchomelea kapasita za bodi ya kompyuta, au nitafute mwenye uzoefu wa bodi hizi?