Tumeuziwa mbegu za viazi zilizolala, na muuzaji anasingizia baridi

Wakuu, nimeudhika na sifichi. Mwezi umekatika tangu tupande viazi mviringo huku Njombe na shamba bado ni matuta matupu. Mche mmoja hapa, mwingine kule mbali, katikati magugu tu. Jirani tunayepakana naye alipanda wiki ileile, udongo uleule, mvua ileile, na sasa hivi vibarua wake wanapandishia udongo. Yeye mbegu alichukua kwa mkulima mwenzetu. Mimi nilichukua duka la pembejeo, kwenye magunia yaliyoandikwa "mbegu bora", bila lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) wala tarehe ya kuvuna.

Nikampigia muuzaji. "Vumilia mkuu, ni baridi." Baridi gani Desemba? Baridi yetu ni Juni na Julai, mpaka umande unaganda kwenye majani. Kiazi husuasua hasa udongo ukishuka hadi kwenye nyuzi 7 hivi, na huku kwetu sasa hivi hatuko karibu na hapo. Nilipombana akahamia kwenye udongo, mara ongeza yurea, mara mwagilia. Yurea nimwekee nani, wakati hakuna hata jani?

Nikachukua jembe nikafukua mstari mzima. Viazi ni vigumu, vizima, havijaoza. Ukikata kwa kisu ndani ni vyeupe na maji yanachuruzika. Macho yote yamefumba, hakuna hata kinundu cha kuonyesha kwamba kitu kinataka kutoka. Halafu nikaenda kwenye masalio ya gunia stoo: ngozi nyembamba, imebanduka vipande vipande. Hiyo ni dalili ya kiazi kilichochimbwa kabla ngozi haijakomaa, kikapakiwa, kikaletwa sokoni moja kwa moja. Hiyo si mbegu. Ni kiazi cha chipsi kilichobadilishiwa gunia.

Kiazi kikishavunwa hulala. Aina nyingi huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuamka. Shangi ya Kenya huwahi sana, ndiyo maana wenzetu huko wanaipenda, ila si kila aina ni Shangi. Mbegu iliyo tayari unaiona kwa macho: imekaa kwenye chanja penye mwanga hafifu, ina machipukizi kadhaa mafupi, manene, yenye urefu wa sentimita moja au mbili, rangi ya kijani au zambarau. Ikikaa gizani hutoa machipukizi meupe, marefu, yanayokatika ukiyagusa. Zipo njia za kukiamsha kiazi mapema, ikiwamo dawa ya homoni ya jibereliki, lakini kazi hiyo hufanywa ghalani kabla ya kupanda. Ukishakifukia, unabaki kusubiri kiamke chenyewe.

Na kusubiri huko kuna gharama, ndicho kinachoniuma. Palizi ya kwanza nalipia shamba lisilo na mazao. Miche itatoka kwa mafungu, mingine mirefu, mingine ndiyo inachungulia, kwa hiyo dawa ya ukungu utapiga kwa kubahatisha. Itakayochelewa itakutana na mvua kubwa ikiwa bado michanga, na kila mtu hapa anajua ukungu unavyofyeka wakati huo. Ukija kuvuna, soko limeshajaa.

Wenye shida kama yangu, msimwage maji wala mbolea kabla ya kufukua. Kiazi kigumu chenye macho yaliyofumba kimelala, kiacheni. Kikiwa laini na kinanuka kimeoza, maji yalituama au kiliingia na ugonjwa. Chipukizi likiwa na ncha nyeusi, kagueni kama mbolea ya kupandia iligusana nalo. Machipukizi membamba kama uzi ni mbegu iliyochoka au yenye virusi.

Muuzaji alikuwa anajua. Aliyechimba viazi anajua amechimba lini, na kuandika tarehe kwenye gunia ni kazi ya kalamu moja. Nataka pesa yangu, au mbegu iliyochipua, kabla mvua hazijatupita. Magunia na viazi nilivyofukua nimevihifadhi, navipeleka kwa afisa kilimo pamoja na risiti. Kama nawe ulichukua mbegu za namna hii msimu huu, usitupe gunia, na andika hapa chini ulichokikuta ulipofukua.